Masaa matano ya barua pepe: simu yako inajuaje kuwa kuna ujumbe mpya?

Kuna jamaa tunakaa naye chumba kimoja hosteli. Muhula uliopita alikuwa anasubiri majibu ya ufadhili wa masomo. Siku yenyewe ilipofika, ujumbe ulimtaka athibitishe kabla ya saa 12 jioni kwamba atahudhuria usaili wa kesho yake. Ulitumwa saa 8:12 mchana. Simu yake ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi, ina chaji ya kutosha na bando lipo. Alikuwa ameweka mlio maalumu kwa barua pepe ili ajisomee bila kusumbuliwa na mengine, na milio ya WhatsApp aliisikia mchana kutwa, akaipuuza. Ule mlio aliousubiri haukulia. Saa 1:15 usiku akaichukua simu aangalie matokeo ya mpira, akafungua na programu ya barua pepe kwa mazoea tu, na ujumbe ukadondoka mbele ya macho yake. Nafasi ya usaili ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Yeye alilaumu mtandao. Mimi nililaumu aliyetuma. Wote tulikosea, na ushahidi ulikuwa ndani ya barua yenyewe. Kila barua pepe hubeba mistari ambayo kwa kawaida huioni, inayoandikwa na kila seva iliyoipokea njiani, na kila mstari una saa yake. Tulipoifungua, tukakuta barua ilikuwa imefika kwenye seva ya chuo chetu sekunde nne tu baada ya kutumwa. Yaani ilisafiri kutoka nchi nyingine kwa sekunde nne, halafu ikakaa masaa matano ikishindwa kumaliza kipande kidogo cha njia kilichobaki, kutoka seva hadi mezani kwetu.

Hicho kipande kidogo ndicho nataka tukiangalie leo. Wengi tunaamini kwamba barua ikifika, seva "inaisukuma" kwenye simu, kwa hiyo simu isipolia basi hakuna barua. Ukweli ni kwamba seva karibu kila mara haiwezi kuisukuma kitu simu yako. Kinachofanyika ni ujanja wa aina fulani, na ujanja huo una masharti.

Sanduku la posta

Barua pepe husafiri kwa itifaki inayoitwa SMTP, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982. Seva ya mtumaji inaifuata seva ya mpokeaji, inabisha, inakabidhi. Ikikuta mwenzake hapatikani, inajaribu tena baadaye. Hapo kweli kuna kusukuma, na kunawezekana kwa sababu pande zote mbili ni mashine zinazowaka usiku na mchana, zenye anwani isiyohamahama.

Lakini safari hiyo inaishia kwenye kikasha chako kilichoko ndani ya seva. Fikiria S.L.P. ya nyumbani kwenu. Posta wataileta barua mpaka kwenye sanduku, na wakishaitia humo wao wamemaliza. Utajuaje kuna barua? Uende mjini na ufunguo. Itifaki za kuchukulia barua, POP ya mwaka 1984 na IMAP ambayo Mark Crispin aliibuni Stanford mwaka 1986, zilijengwa kwa mawazo hayohayo: anayeanzisha mazungumzo ni wewe mwenye ufunguo, seva inajibu tu.

Kwa kompyuta ya mezani haikuwa tatizo. Inawaka, inaenda kuuliza kila dakika tano, basi. Sasa ipe simu kazi hiyo uone. Kila dakika tano ni safari 288 kwa siku. Kila safari ina kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji wa siri, kutaja jina na nywila, kuuliza, kuaga. Tuseme kila safari inakula KB 6. Ni karibu MB 1.7 kwa siku, MB 52 hivi kwa mwezi, za kuambiwa "hakuna kitu" tu. Hapo hujasoma hata barua moja.

Na bando ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni betri. Redio ya simu haizimiki papo hapo ukimaliza kuitumia. Ikishaamshwa na kupewa chaneli na mnara, inabaki macho kwa muda ikisubiri kama kuna kingine, kwa sababu kuamsha upya nako kuna gharama. Muda huo huamuliwa na mtandao, na kwenye 4G mara nyingi ni kama sekunde kumi. Kwa hiyo swali la nusu sekunde linalipiwa sekunde kumi za redio iliyochangamka. Zidisha mara 288: dakika 48 kwa siku, kwa programu moja. Ukiwa na programu tano za aina hiyo, kila moja ikiamka kwa saa yake, jioni unatafuta soketi.

Unaweza kupunguza: uliza kila dakika 30 badala ya tano. Betri itapumua, lakini barua itakuwa inachelewa dakika 15 kwa wastani, na 30 ikiwa na bahati mbaya. Kuvuta kuna huo ugonjwa usiopona. Ukitaka haraka unalipa kwa betri, ukitaka betri unalipa kwa kuchelewa.

Kwa nini seva isiipigie simu tu?

Swali zuri, na jibu lake ni la kiutawala zaidi kuliko la kisayansi. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, ni bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Hazitoshi. Kwa hiyo kampuni ya simu huwapa maelfu ya wateja anwani za ndani, halafu kuna kifaa mlangoni kinachowatoa wote nje kwa anwani chache za pamoja. Mwaka 2012 kulitengwa hata fungu maalumu la anwani kwa kazi hiyo, linaloanzia 100.64. Ukiwa na data ya simu, ingia kwenye mipangilio uangalie anwani ya IP ya simu yako. Ikianza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, basi na wewe uko nyuma ya mlango huo.

Kile kifaa cha mlangoni kinafanya kazi kama mlinzi wa geti la hosteli. Mgeni akija anasema "namtafuta fulani", mlinzi anaangalia daftari. Kama wewe mwenyewe ulishatoka ukaacha jina, "nikitafutwa na mtu wa duka lile, mpitishe", mgeni anapita. Kama hukuacha jina, mlinzi hamjui mgeni wala wewe hakujui, na hana muda wa kupanda ghorofani kuuliza. Seva ya barua pepe ikija bila kualikwa inaishia getini.

Halafu kuna jambo moja linalouma zaidi. Mlinzi hufuta majina. Daftari lake lina kurasa chache na wapangaji ni wengi, kwa hiyo jina lililokaa bila shughuli linafutwa baada ya muda, na hakuna anayeambiwa. Mitandao mingine inavumilia nusu saa au zaidi, mingine dakika chache tu. Pendekezo rasmi la wahandisi wa intaneti ni kwamba muunganisho wa TCP uliotulia usifutwe kabla ya masaa mawili na dakika nne. Mitandao mingi ya simu haiwezi kusubiri hivyo.

BlackBerry walilitatua kwa kuuzunguka mlango wenyewe. Mwaka 1999 kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Canada, ilitoa BlackBerry 850, kifaa kidogo chenye vitufe vya herufi ambacho hata kupiga simu kilikuwa hakipigi. Ofisini kwenu mliweka programu yao kwenye seva, inakodolea macho vikasha vyenu. Barua ikiingia, inasimbwa, inabanwa, inapelekwa kwenye kituo cha kampuni, na kituo kinaisukuma hadi kwenye kifaa kupitia mtandao wa redio walioshirikiana nao. Kila kifaa kilikuwa na namba yake na kituo kilijua kilipo. Kusukuma kwa kweli kabisa. Ndiyo maana mabosi wa zama zile walikuwa hawaachi kuinama mezani.

Ubaya wake ni kwamba kila kitu kilipita sehemu moja. Oktoba 2011 mitambo yao iliharibika, na huduma ikayumba kwa siku kadhaa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, kisha hadi Amerika. Barua zilikuwa salama kwenye seva za wenyewe. Waliokuwa gizani ni wenye simu.

Swali lisilojibiwa

Kwa wengine wote wasio na mtandao wao, ilibidi kumdanganya mlinzi. Na ujanja wenyewe ni mwepisi hata unashangaza. Kama mgeni haruhusiwi kuingia bila wewe kutoka kwanza, basi toka kwanza. Uliza swali. Ila mwombe unayemuuliza asijibu mpaka awe na la kusema.

Kwenye IMAP ujanja huo unaitwa IDLE, na uliandikwa mwaka 1997 na Barry Leiba wa IBM. Simu inaingia kwenye kikasha na kusema: nimetulia hapa, kukiwa na jipya nishtue. Seva inanyamaza. Barua ikiingia, inatamka mstari mmoja mfupi kwamba sasa idadi imeongezeka. Kwa kuwa seva inaruhusiwa kumkatia mtu aliyekaa kimya nusu saa, maelekezo yanasema simu irudie ombi lake angalau kila dakika 29. Ni mara 50 hivi kwa siku badala ya 288, na barua inafika papo hapo.

Microsoft nao walipitia njia ya kuchekesha kidogo. Kwenye Exchange 2003 seva ilikuwa inaiamsha simu kwa kuitumia SMS ya siri, ambayo ilitegemea kampuni ya simu na ilikuwa na gharama. Mwaka 2005 wakaja na njia waliyoiita Direct Push. Simu inatuma ombi la kawaida la wavuti: "Angalia kikasha changu. Kukiwa na badiliko nijibu hapohapo, kusipokuwa na kitu nijibu baada ya dakika 15." Barua ikiingia dakika ya sita, jibu linatoka dakika ya sita. Lile ombi lililo wazi ndilo jina lililoandikwa kwenye daftari la mlinzi, na jibu linapita geti kwa sababu mlinzi anadhani ni jibu la kawaida tu lililochelewa.

Hapa ndipo penye utamu, kwa maoni yangu, kwa sababu ukimya una maana mbili. Simu imeuliza, dakika kumi zimepita, kimya. Je, hakuna barua, au mlinzi ameshafuta jina na seva inapiga kelele getini bila kusikika? Simu haina namna ya kutofautisha. Inachoweza ni kusubiri muda iliouomba uishe. Dakika ya 15 ikifika na jibu la "hakuna kitu" likaja, vizuri, geti liko wazi, na safari ijayo simu inajaribu kuomba muda mrefu zaidi. Jibu lisipokuja kabisa, inajua kuwa mlinzi wa mtandao huu ana haraka, inapunguza hadi dakika 12, au nane, mpaka ipate muda unaokubalika. Simu inajifunza tabia ya mlinzi ambaye haijawahi kumwona. Na ukihama kutoka bando la mtandao mmoja kwenda Wi-Fi ya maktaba, mlinzi ni mwingine, inaanza kujifunza upya. Barua iliyoingia wakati wa kujifunza, baada ya jina kufutwa na kabla ya simu kuuliza tena, inachelewa kwa dakika hizo. Kama umewahi kuona barua pepe tatu zinaingia kwa pamoja dakika chache baada ya kuhama mtandao, huenda ulikuwa unaangalia jambo hili.

Labda unajiuliza: si muunganisho ulio wazi muda wote unakula betri? Hapana, na hili wengi tunalikosea. Muunganisho wa TCP uliotulia hauna waya wala mawimbi. Ni kumbukumbu tu, namba kadhaa zilizoandikwa upande wako, upande wa seva na kwa mlinzi. Redio ya data inaweza kulala kabisa, hata prosesa kuu ikalala, na muunganisho ukabaki hai.

Sasa nani anasikia hodi? Modemu. Hata simu ikiwa imelala, modemu inaamka kwa muda mfupi mno, mara nyingi kila sekunde 1.28, inasikiliza mnara kama jina lake linatajwa, inalala tena. Kwa njia hiyohiyo inajua kuwa unapigiwa. Pakiti ya seva ikifika, minara ya eneo ulipoonekana mara ya mwisho inatangaza kitambulisho cha simu yako, modemu inaitika, chaneli inafunguliwa, pakiti inashuka, na ndipo modemu inaiamsha prosesa kuu. Gharama ya kusikiliza hivyo unailipa hata hivyo, uwe na barua pepe au usiwe nayo, mradi simu iko hewani.

Bomba moja kwa wote

Kimahesabu bado kuna tatizo. Kama kila programu, ya barua pepe, ya meseji, ya benki, ya magazeti, itashikilia swali lake wazi na kulihuisha kwa saa yake, tumerudi kulekule kwa redio kuamshwa kila mara. Kwa hiyo Juni 2009 Apple wakafungua huduma ya kusukuma arifa: simu inashikilia muunganisho mmoja tu, kwenda kwenye seva za Apple, na yeyote mwenye programu anapeleka arifa yake huko. Google wakafuata mwaka 2010 na Android 2.2, huduma ambayo imeshabadilishwa jina mara mbili na leo inaitwa FCM. Kwa wanaopenda kuchungulia: bomba la Apple linatoka kwa mlango namba 5223 na la Google kwa 5228. Msimamizi wa mtandao akifunga milango hiyo bila kujua kazi yake, arifa zinaweza kusuasua kwenye Wi-Fi ya jengo zima, na watu watalaumu simu zao.

Arifa inayopita humo ni ndogo sana. Apple walianza na kikomo cha baiti 256, leo ni KB 4, na Google ni KB 4 vilevile. Barua yenye kiambatisho haiingii hata ukiisukuma kwa goti. Kwa hiyo kinachosukumwa mara nyingi ni hodi tu: jina la mtumaji, kichwa cha habari, au hata "kuna kitu, njoo". Baada ya hodi, programu yenyewe inaenda kwenye seva kuvuta barua. Unaona sasa: hata hii tunayoiita kusukuma, mzigo wenyewe bado unavutwa.

Na kuvuta huko kuna hesabu yake. Simu haiombi kikasha kizima. Inatunza namba ya mara ya mwisho walipoonana na seva, na inaionyesha: "Mimi niliishia hapa." Seva inampa yaliyobadilika tangu hapo. Exchange wanatumia ufunguo wa usawazishaji unaobadilika kila mara, Gmail ina namba ya historia, na IMAP iliongezewa namba za mabadiliko mwaka 2006. Ndiyo maana barua uliyoisoma kwenye kompyuta inaacha kuonekana mpya kwenye simu, kwa kuwa kusoma nako ni badiliko, na kufuta vilevile. Ndiyo maana pia hodi moja ikipotea barua haipotei. Hodi inayofuata, au wewe kufungua programu, kutaleta yote yaliyotokea katikati. Mbaya ni kwamba inaweza kuyaleta saa 1:15 usiku.

Turudi mezani kwetu

WhatsApp zilikuwa zinaingia. Mtandao ulikuwepo. Bomba la Google lilikuwa hai. Kwa nini barua haikupita humo?

Kwa sababu seva ya chuo haina ruhusa ya kutumia bomba hilo, wala haijui kama lipo. Anayeweza kupeleka arifa ni yule aliyetengeneza programu, kwa ufunguo aliopewa, na kwa kutumia tokeni inayotambulisha programu ile ndani ya simu ile. WhatsApp wana programu yao na seva zao, kwa hiyo wana kila kitu. Gmail ndani ya programu ya Gmail, vilevile. Lakini ukichukua akaunti ya chuo, kwenye seva ya kawaida ya IMAP, ukaiingiza kwenye programu ya mtu mwingine, mnyororo umekatika: seva inayojua kuna barua haina ufunguo, na mwenye ufunguo hajui kuna barua.

Zipo programu zinazoziba pengo hilo kwa kuweka seva yao katikati. Unawapa nywila yako, seva yao inakaa kwenye kikasha chako ikisubiri, na ikiona kitu inakupigia hodi kupitia bomba. Inafanya kazi vizuri. Lakini umeshampa mtu wa tatu ufunguo wa sanduku lako. Mwaka 2015 Bunge la Ulaya lilizuia programu mpya ya Outlook kwenye simu za watu wake kwa hofu hiyohiyo.

Nyingine, kama ya jamaa yangu, zinajitegemea: zinafungua IDLE zenyewe na kusubiri. Na hizo ndizo zimeumizwa na mabadiliko ya Android. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, simu ikiwa haiko kwenye chaja, kioo kimezimwa na imetulia bila kusogezwa, inaingia usingizi mzito. Humo programu zinanyimwa mtandao, isipokuwa kwenye madirisha mafupi ya kufanya kazi zilizokwama, na kadiri usingizi unavyoendelea madirisha yanazidi kuachana. Arifa ya bomba la Google iliyowekewa alama ya haraka inaruhusiwa kuiamsha programu hata hapo, na ndiyo tikiti ya WhatsApp. Muunganisho binafsi wa IDLE hauna tikiti. Mwaka 2018 Android 9 ikaongeza kupanga programu kwa madaraja kutokana na unavyozitumia, na juu ya hapo watengenezaji wa simu kadhaa wakaweka kanuni zao kali zaidi, ili waandike kwenye boksi kuwa betri inakaa siku mbili.

Tulipoingia kwenye mipangilio ya betri ya simu yake tukakuta programu ya barua pepe iko kwenye kundi la zilizozuiwa kufanya kazi chinichini. Yeye hakuwahi kuigusa sehemu hiyo. Simu ilikuwa imeamua yenyewe. Na angalia kejeli: angekuwa ameichomeka kwenye chaja, au anatembea nayo mfukoni, ule usingizi mzito usingeanza, ingawa kizuizi kile kingebaki palepale. Kuiweka mezani kwa utulivu akiisubiri ndiko kulikoilaza.

Wenye iPhone msicheke. Huko programu haziruhusiwi kabisa kushikilia muunganisho wao chinichini, bomba la Apple ndiyo njia pekee. Programu ya Mail iliyokuja na simu haitumii IDLE, na tangu 30 Januari 2013 Google waliacha kuruhusu watumiaji wapya wa Gmail ya bure kuunganishwa kwa njia ya Exchange. Kwa hiyo Gmail ndani ya Mail ya iPhone haisukumwi. Kwenye mipangilio utaona maneno mawili, Push na Fetch, na Gmail yako iko chini ya hilo la pili, inavutwa kwa ratiba. Ukiweka programu ya Gmail yenyewe, hodi zinakuja.

Kama unasubiri barua ambayo huwezi kuikosa, usikisie, pima. Jitumie barua kutoka akaunti nyingine wakati simu imekaa mezani zaidi ya saa moja, haiko kwenye chaja, na usiiguse. Hesabu dakika hadi ilie. Isipolia, nenda kwenye mipangilio ya programu hiyo, sehemu ya betri, uiondolee vizuizi, kisha urudie kipimo. Kipimo cha simu iliyo mkononi hakina maana, maana simu iliyo mkononi iko macho. Na ukitaka kujua kosa ni la nani, fungua mistari iliyofichwa ya barua: kwenye kompyuta, Gmail wana sehemu ya kuonyesha barua katika hali yake asilia. Soma kutoka chini kwenda juu, linganisha saa za kila seva, ukikumbuka kuwa baadhi huandika saa za nchi nyingine.

Sisi tulifanya hivyo usiku uleule. Tuliondoa kizuizi, tukailaza simu mezani kuanzia saa tatu, tukaenda kula. Saa nne na nusu nikatuma barua isiyo na kitu ndani kutoka kwenye kompyuta yangu. Simu ililia baada ya sekunde tisa. Jamaa aliitazama, akaigeuza tena kifudifudi, akaendelea kuandika barua ya kuwaomba wale wa ufadhili wamfikirie upya. Walijibu baada ya siku mbili kwamba orodha imeshafungwa. Hiyo iliingia papo hapo.